Laka yafanya maziwa kila masika: je, nihamie esta?

"Salaam aleikum mtaalamu. Nina karakana ndogo Kisauni, tunatengeneza vitanda na makabati ya mahogani na tunamalizia kwa laka ya NC, yaani nitroselulosi, tunapiga spre. Tangu mvua ianze laka ikikauka inatoa ukungu mweupe kama mtu amepuliza unga juu yake, hasa kazi za asubuhi. Thina nanunua ya kupimiwa kwa mtungi, haina lebo. Juzi muuzaji mmoja kaniambia shida ni hiyo thina, ninunue esta, ethili asetati, ati inatokana na matunda kwa hivyo haina sumu, hata mikono waweza kuoshea. Kweli yanukia vizuri lakini bei imenishtua. Wengine waniambia nitie waiti spiriti kidogo ili ikauke polepole. Kijana wangu wa spre analalamika kichwa, na siku hizi anakohoa usiku. Pia mwezi ujao nataka kuanza rangi ya PU, poliurethani. Nifanyeje?"

Waaleikum salaam fundi wangu. Naona linalokuuma zaidi ni huo ukungu, manake ndio unakurudishia kazi na mteja anangoja kitanda chake, lakini mimi lililonishtua ni la huyo kijana anayekohoa usiku, hilo nitalifikia na nitalisema wazi. Kazi yangu ni kemia ya rangi, miaka mingi nimechanganya laka na thina hapa hapa Mombasa, na kila mwezi wa nne ukiingia simu ni hizi hizi, Likoni, Changamwe, Mikindani, fundi anakwambia laka imefanya maziwa. Kwa hivyo usidhani mkono wako umeharibika. Mkono ni ule ule wa wakati wa kaskazi, kilichobadilika ni hewa.

Muuzaji wako amegusa ukweli kidogo halafu akapotoka nao. Esta inaweza kukusaidia, ndio. Lakini esta sio kitu kimoja, ni ukoo mzima. Ukichukua asidi na alkoholi ukazipasha moto pamoja na asidi kali kidogo, zinashikana na maji yanatoka kando, kile kilichoshikana ndio esta, na njia hii Emil Fischer na Arthur Speier waliieleza tangu mwaka 1895. Asidi ya siki na alkoholi ya kawaida zinakupa ethili asetati. Asidi hiyo hiyo ya siki na alkoholi nyingine, butanoli, zinakupa butili asetati. Badilisha mzazi mmoja tu na mtoto anabadilika harufu, kasi ya kukauka, hata sumu yake.

Na ukoo wenyewe ni mkubwa kweli. Harufu ya ndizi mbivu ni esta. Ile harufu ya asmini wanayovaa mama zetu jioni, sehemu yake kubwa ni esta iitwayo benzili asetati. Mafuta ya nazi ni esta, ndio maana ukiyapika na kostiksoda yanavunjika yanakuwa sabuni na gliserini. Shati la polista ni esta, oili inayowekwa kwenye kompresa za friji za gesi ya R134a ni esta. Lakini malathioni ya kuua wadudu nayo ni esta, na nitroglisarini inayolipuka ni esta pia. Hata laka yako yenyewe, nitroselulosi, ni esta iliyotengenezwa kwa nyuzi za pamba na asidi ya nitriki. Sasa mtu akikwambia "hii ni esta kwa hivyo haina madhara" hajakwambia chochote. Na hiyo ethili asetati ya kwenye pipa haikukamuliwa kwenye nanasi, imetoka kiwandani. Ni kweli kwenye matunda imo, lakini imo kwa chembe ndogo sana, wewe ukipiga kabati moja unarusha nusu lita hewani ndani ya chumba kimoja kwa dakika chache, hayo si mambo ya kulinganishwa.

Haya, tuje kwenye ukungu. Thina ikikudondokea mkononi, utasikia baridi kali. Kile kimiminika kikiruka kuwa mvuke kinachukua joto, na joto hilo kinalitoa kwenye ngozi yako. Juu ya mbao ni hivyo hivyo, thina ikiruka kwa kasi laka inapoa, na ikipoa vya kutosha mvuke wa maji ulio hewani unatua juu yake, sawa na chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyotoa jasho mezani. Hayo maji yakiingia kwenye laka mbichi nitroselulosi inashindwa kubaki imeyeyuka, inaganda vipande vidogo vidogo, mwanga unatawanyika, wewe waona weupe.

Hapa ndipo Mombasa inapoingia. Asubuhi ya masika joto likiwa digrii 28 na unyevu asilimia 85, umande unaanza kutua kwenye kitu chochote kilichofika digrii 25, yaani laka yako ikipoa digrii 3 tu basi imekwisha. Chukua alasiri ya kaskazi, digrii 30 na unyevu asilimia 60, hapo laka lazima ishuke mpaka kama digrii 21 kabla umande haujatua, una nafasi ya digrii 8 au 9 za kuchezea. Ndio maana thina ile ile mwezi wa pili inakupa kioo na mwezi wa tano inakupa uji.

Sasa kama shida ni kupoa, na kupoa kunaletwa na kasi ya kuruka, kitu cha kuuliza sio "je ni esta?", uliza "yakauka kwa kasi gani?" Sisi watu wa rangi tunapima kasi kwa kulinganisha na butili asetati, hiyo tunaipa 1, na namba ikiwa kubwa ndio inakauka haraka zaidi. Toluini, ambayo nayo hutiwa kwenye thina, iko kama 2, ethili asetati kama 4, asetoni inakaribia 6. Ethili asetati inachemka digrii 77, butili asetati digrii 126. Waona mtego huo? Huyo bwana amekuuzia wazo la esta halafu akakupa ile inayokimbia. Ukitoa thina yako yote ukaweka ethili asetati tupu kwenye masika haya, ukungu utazidi, na utakuwa umelipa zaidi kuupata. Unayoitaka wewe ni butili asetati.

Nayo haikuja kwa laka kwa bahati tu. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia Waingereza walitaka asetoni kwa ajili ya baruti, Chaim Weizmann akapata njia ya kuitengeneza kwa kuchachusha wanga kwa bakteria, mahindi yakatumika kwa wingi, na kila asetoni ilipotoka butanoli nyingi ikawa inabaki kando haina kazi. Baada ya vita wakaigeuza kuwa butili asetati, na miaka ya 1920 viwanda vya magari Marekani vikaanza kupiga laka ya nitroselulosi iliyoyeyushwa nayo, kazi ya rangi iliyokuwa ikichukua wiki nyingi ikawa ya siku chache. Tangu hapo laka na butili asetati ni kama chapati na chai.

Lakini usikimbie dukani bado. Kwanza fungua valvu ya chini ya tangi la kompresa yako uone kinachotoka. Msimu huu tangi linajaa maji kwa siku moja, na kama hujafunga chujio la maji kwenye paipu basi unapiga laka na maji pamoja. Nimewahi kwenda kwa fundi mmoja aliyebadilisha thina mara tatu na akagombana na muuzaji, tulipofungua tangi yakatoka maji ya rangi ya chai yakajaza kopo. Kuna tofauti ukitazama kwa karibu, maji ya kompresa yanaacha vidoa na vipele hapa na pale, ukungu wa hewa unatanda sawasawa kama pumzi juu ya kioo. Wewe umesema kama unga uliopulizwa, na ni asubuhi zaidi, kwa hivyo nashuku hewa, ila tangi limwage kila asubuhi hata hivyo.

Kuhusu waiti spiriti, tafadhali acha. Wanaokushauri wana nia nzuri, wanajua kitu kinachokauka polepole kinapunguza ukungu, ila hawajui nitroselulosi haiyeyuki kwenye waiti spiriti. Wala haiyeyuki kwenye toluini peke yake wala zailini. Ndani ya thina ya NC kuna wafanyakazi wa aina tatu: esta na wenzake kina asetoni ndio wanaoyeyusha, alkoholi peke yake haiwezi ila ikiwa na esta inasaidia sana, na toluini inatiwa kupunguza bei na kusaidia gundi nyingine zilizomo kwenye laka. Kanuni ni kwamba anayeyeyusha lazima awe wa mwisho kutoka. Akitangulia yeye na kubaki yule asiyeyeyusha, nitroselulosi inaganda na unapata weupe mwingine ambao hauna uhusiano na mvua wala unyevu, hata kwenye jua la saa saba utaupata. Waiti spiriti iko polepole kuliko wote, itabaki ya mwisho kila mara. Zailini nayo kasi yake ni kama 0.6 au 0.7, polepole kuliko butili asetati, kwa hivyo thina yenye zailini nyingi ina shida hiyo hiyo.

Ninachopendekeza ni hiki. Nunua lita chache tu za butili asetati kwa muuzaji wa kemikali anayekupa lebo na karatasi ya usalama ya hiyo kemikali. Chukua lita moja ya thina yako ya sasa, ongeza mililita 100 za butili asetati, changanya laka kama kawaida, halafu saa moja asubuhi, ile saa mbaya kabisa, piga kwenye kipande cha kioo cha dirisha kilichosafishwa. Pembeni yake piga laka ya thina ya zamani. Weka kioo juu ya kitambaa cheusi utazame. Bado kuna maziwa? Fanya mililita 200, kisha 300. Utafika mahali kioo kinabaki wazi, hapo ndipo pako, usizidishe, manake ukizidisha laka inakaa laini, inateremka kwenye miguu ya kitanda na mteja anaondoka na alama za vidole. Kama hata 300 haijatosha, basi thina yenyewe ni mbovu na hakuna cha kuongeza kitakachoiokoa. Mchana wa kaskazi hizo pesa za ziada huna haja nazo, thina yenye ethili asetati ya kutosha inakupa kazi safi na kukauka haraka, kwa hivyo kuwa na thina mbili za misimu miwili sio anasa.

Kuna dawa nyingine ya kupunguza kasi ya kukauka, inauzwa kama ritada, nayo inafanya kazi kwa kiasi kidogo, lakini soma lebo. Ukiona imeandikwa 2-ethoxyethyl acetate, iache dukani. Hiyo nayo ni esta, nzuri sana kwa laka, ila inadhuru uzazi wa mwanamume na mimba pia, na inapita kwenye ngozi. Siku hizi badala yake wanatumia PMA, ambayo nayo ni esta inayokauka polepole, na hiyo ni afadhali sana.

Na kazi ambayo tayari imefanya maziwa usiikwangue yote kwa hasira. Mara nyingi siku ikiwa kavu ukipitisha spre nyepesi ya butili asetati juu yake laka inalainika tena, maji yanatoka, weupe unapotea. Jaribu nyuma ya kabati kwanza. Na asubuhi za mvua anza na kusugua na kufunga bawaba, spre isubiri mpaka saa nne au saa tano jua likitoka, upige koti nyembamba, mbili badala ya moja nene.

Hiyo thina ya mtungi bila lebo siipendi, nakwambia kweli. Kuna kipimo kidogo cha nyumbani, tia thina na maji sawa kwa sawa kwenye chupa safi inayoonyesha, weka alama pale vinapokutana, tikisa, iache itulie. Butili asetati karibu haiingii kwenye maji, toluini haiingii kabisa, ethili asetati inaingia kidogo, lakini methanoli na asetoni zinaingia zote. Mstari ukipanda sana, thina yako ina alkoholi au asetoni nyingi, na hivyo ndivyo vinavyokimbia na kuleta ukungu. Kipimo hiki hakiwezi kukwambia kama hiyo alkoholi ni methanoli, na methanoli ndiyo ninayoihofia kwenye thina za bei ya kutupa, inaingia kwa pumzi na kwa ngozi na inaharibu macho. Pia unuse, thina ya esta iliyokaa kwenye pipa lililoingia maji inaanza kuvunjika kurudi asidi na alkoholi, inatoa harufu ya siki, usiinunue.

Mikono usioshee esta yoyote. Inatoa mafuta yote ya ngozi, ngozi inapasuka, na ngozi iliyopasuka ndiyo inayopitisha kila kitu kingine. Jipake mafuta ya nazi, laka inalegea, kisha sabuni na maji.

Moto nao. Mvuke wa ethili asetati unaweza kushika moto hata kwenye digrii 4 chini ya sufuri, wa butili asetati kuanzia kama digrii 22. Nchi za baridi hiyo ya pili inawapa nafuu kidogo, hapa kwetu digrii 22 inapitwa karibu siku nzima, kwa hivyo zote mbili zichukulie kama petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka kwa jirani anayekaanga viazi, na moto unarudi kwa njia ile ile. Na ule unga wa laka kavu unaolundikana kwenye kona ya kupigia spre ni nitroselulosi, unawaka kama baruti, ufagie kila siku ukiwa umeloweshwa maji na uutupe nje, usiurundike pamoja na maranda.

PU ni mambo mengine kabisa. Usithubutu kutumia thina ya NC kwenye PU. Hadna ya PU, yaani ile dawa ya kugandisha inayochanganywa na rangi, ina kemikali iitwayo isosayaneti, nayo inashikana na alkoholi yoyote na maji yoyote inayoyakuta, na thina ya NC ina alkoholi ndani yake. Hadna itaisha kwa kupigana na thina badala ya kushikana na rangi, utapata koti laini lisilokauka sawa, na maji yakiwemo inatoa gesi, unaona mapovu kama ya soda. Hapo ndipo esta inapong'aa, thina ya PU hutegemea esta zilizokaushwa maji, butili asetati na PMA, na uitake ile iliyoandikwa ni ya poliurethani, ikiwa imefungwa na kiwanda, sio ya kupimiwa.

Sasa kijana. Kichwa kuuma ni mvuke, ni dalili kwamba hewa haitoshi na pengine anavaa barakoa ya kitambaa au ya vumbi, ambayo haizuii mvuke hata kidogo. Anahitaji ile ya mpira yenye vichujio vya kaboni vya mvuke wa kemikali, vibadilishwe akianza kunusa harufu ndani yake, na karakana iwe na feni inayotoa hewa nje upande mmoja na nafasi ya kuingiza upande wa pili. Lakini kukohoa usiku sikuchukulii kama jambo la barakoa tu. Kikohozi kinachokuja usiku baada ya siku ya spre, na kupungua siku za mapumziko, kinaweza kuwa pumu ya kazini ikianza, na kama ni hivyo ukimpeleka kwenye PU isosayaneti inaweza kumletea shambulio kubwa hata kwa kiasi kidogo sana, na mtu akishaingia hali hiyo mara nyingi hawezi tena kuikaribia hadna maisha yake yote. Kwa hivyo asiiguse PU mpaka aonwe na daktari na apulize kwenye kile kipimo cha pumzi, wiki hii, sio mwezi ujao. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inakuhusu wewe kama mwajiri hata ukiwa na kijana mmoja tu. Na ikitokea siku yoyote anakwambia anaona ukungu machoni, au pumzi inabana hawezi kumaliza sentensi, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo. Na mtu akimeza thina msimtapishe, mkimbizeni vile alivyo.

Akienda, mpe mkebe wa laka na wa hadna uliopanga kununua, ama picha ya lebo zake, na kidogo cha hiyo thina kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuandikwa jina, manake akimwambia daktari "ni rangi tu" hatajua atafute nini.